Siku ya 212 Bila Ajali

Katika chumba chake cha giza cha kusafishia picha, Mama Gizani alitandika kipande cha karatasi mbovu kwenye ubao wa mashine ya kukuzia picha. Huwezi kupima ukali wa picha kwenye ubao mtupu halafu uchape kwenye karatasi. Hata unene wa karatasi unahesabika. Akafungua lenzi hadi mwisho, akawasha taa, akasubiri dakika mbili. Negativu, ile filamu yenye picha, ikipata joto hutuna kidogo katikati. Mwenye haraka hulenga kabla haijatuna, akatoa picha yenye ukungu, kisha akalaumu mashine.

Kiwanda cha magodoro kilitaka picha ya wafanyakazi wote, upana wa mita moja, itundikwe mapokezi. Negativu ilikuwa imelala kabatini kwake miaka mitatu. Picha ilipigwa getini asubuhi, saa mbili na robo. Saa nne boila ikapasuka, na hakuna aliyekumbuka kuja kuichukua.

Fundi wa boila alikuwa mume wa Mama Gizani. Hakikupatikana hata kifungo chake. Karani wa mahudhurio alikuwa ameandika "Hayupo" mbele ya jina lake siku ile, kwa hiyo kiwanda kikasema hakufa mtu. Mtaa ukasema bwana huyo amemfuata mwanamke mwingine. Shuleni binti yao akaitwa mtoto wa mtoro. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeipokea vizuri habari hiyo, maana mtoro anaweza kurudi.

Mama Gizani aliinamia kioo cha kukagulia chembe. Anayeijua kazi hii halengi nyuso; hulenga chembe za filamu zenyewe, mpaka zisimame moja moja kama mchanga. Zikasimama. Meneja akawa mkali, karani mkali, washonaji wote wakali mpaka nyusi. Nyuma kabisa, mbele ya ubao wa getini, mumewe alikuwa ukungu mtupu. Alipandisha lenzi, akaishusha. Ukungu haukutoka, kwa sababu haukuwa wa lenzi. Mumewe alikuwa anajikuna shingo.

"Baba watoto, tulia."

"Hata salamu hakuna?"

"Hujambo."

"Sijambo. Ovaroli hii inawasha. Uliifua na nini?"

"Nataka sekunde ishirini na mbili tu. Na usogee kushoto, umeziba ubao."

Akasogea. "Watoto?"

"Wanasoma."

"Mama je?"

"Anakungoja."

Akafikiri kidogo. "Mwambie asingoje."

"Mwambie mwenyewe. Mimi ananisikia lini?"

Aliibana lenzi kidogo ili hata pembe za picha ziwe kali, akazima taa, akabadilisha karatasi mbovu kwa nzima. Akaondoa mikono mezani, maana hata kidole kinatikisa. Taa ilipowaka mumewe akabana pumzi, na sekunde zote ishirini na mbili hakuiachia.

Kwenye trei ya dawa picha ilitokea taratibu. Ndevu za mumewe za siku mbili zingeweza kuhesabiwa. Kando ya bega lake ubao ulisomeka bila taabu: LEO NI SIKU YA 212 BILA AJALI. Chini yake palikuwa na tarehe.

Aliipeleka kiwandani mwenyewe, akaikunjua mezani kwa karani. Karani alivaa miwani, akalitoa daftari la mwaka ule, akalinganisha.

"Ni yeye," alisema. "Na tarehe ndiyo hiyo."

"Basi futa 'Hayupo'."

"Mama, daftari limefungwa. Lina muhuri."

"Lakini picha unaiona."

"Naiona, tena nzuri. Hata mimi nimetoka vizuri."

"Karani," mumewe akasema kutoka kwenye karatasi, "asubuhi ile tulisalimiana."

"Nakumbuka. Ulichelewa dakika nne, na daftari nafunga saa mbili kamili."

"Ulisema utanirekebishia mchana."

"Mchana kulikuwa na moshi," alisema karani.

Mama Gizani akamtazama mumewe. Mumewe akajikuna shingo.

Picha iliwekewa fremu na kutundikwa mapokezi, mkabala na meza ya karani. Kila asubuhi fundi wa boila alikuwa wa kwanza kuonekana, na karani, mtu wa utaratibu, alimwandikia "Yupo". Mwisho wa mwaka wakampa cheti cha mahudhurio bora. Mkewe aliitwa akipokee.

Akiwa pale aliomba daftari la zamani. Karani hakumnyima. Mama Gizani alifungua ukurasa wa siku ile, akasoma "Hayupo", akafunga. Kisha akatoa leso akafuta kioo cha fremu.

"Mtaani wanasemaje?" mumewe akauliza.

"Wanasema kumbe ni kweli. Kazini unaonekana kila siku, nyumbani huingii."

"Na mama?"

"Amefurahi. Anasema ukishaanza kazi, nyumbani si mbali."

"Pale juu umeacha alama ya kidole."

Akaifuta.

Alitoka na cheti kwapani. Getini mlinzi alikuwa amepanda kwenye stuli, anabadilisha namba za ubao, na Mama Gizani alilazimika kusubiri amalize ndipo apite. Kupasuka kwa boila kuliandikwa kuwa matengenezo, kwa hiyo hesabu haikuwahi kuanza upya. Mlinzi alining'iniza sifuri ya mwisho, akashuka, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imekaa sawa. Leo ilikuwa siku ya 1,460.