Mbwa wa Ummulkheir

Jumamosi asubuhi Ummulkheir alikuwa akipita kando ya ukuta wa hoteli moja ya ufuoni, huko Galu, akienda kumpaka hina bi harusi. Ziro, mlinzi wa lango, alikiona kikapu chake, akamdhania mchuuzi wa ufuoni, akamwachilia mbwa. Mbwa akamng'ata mkono wa kulia, ndio mkono wa kazi. Alipomwachia, mbwa alisema, "Samahani, mama. Nimeamriwa."

"Najua," alijibu Ummulkheir, akafunga jeraha kwa mtandio.

Hospitalini walimshona, lakini vidole havikukunjika tena. Mabibi harusi wakatafuta mpakaji mwingine. Akaenda kushtaki mahakamani Kwale.

Wakili wa hoteli alisema mbwa ni wa kampuni ya ulinzi. Wakili wa kampuni alisema mbwa alikodishwa, na siku ile alikuwa chini ya amri ya hoteli. Ziro alisema yeye hushika kamba tu. Mbwa akaomba kusema, na hakimu akamruhusu.

"Niliyeuma ni mimi," alisema mbwa, "lakini sina ugomvi na mama huyu. Mimi nilikuwa meno tu. Mwenye kinywa ni mwingine."

Mawakili wote wawili walipinga: mbwa hana kitambulisho, hawezi kuapishwa. Hakimu akaufuta ushahidi, akaiahirisha kesi.

Tangu hapo hoteli haikumlisha mbwa, isije ikaonekana ni wake. Kampuni nayo vivyo hivyo. Akakonda hadi mbavu zikahesabika, akaja kulala nje ya ua wa Ummulkheir. Ummulkheir alimpita siku mbili bila kumtazama. Ya tatu alimmwagia makombo ya sima na samaki, kwa mkono wa kushoto.

Kesi iliporudi, hakimu aliuliza, "Mbwa huyu analishwa na nani?"

"Si sisi," walisema mawakili wote wawili.

"Na mimi, mheshimiwa," alisema Ummulkheir.

"Basi ni wako. Na mwenye mnyama ndiye abebaye madhara yake. Mtu hawezi kujishtaki mwenyewe."

"Mheshimiwa, mkono ulioumwa ni wangu, na aliyeuma naye awe wangu?"

Hakimu alikuwa ameshaita kesi nyingine.

Ummulkheir alirudi nyumbani, mbwa akimfuata nyuma. Dada yake Warda alikuwa uani akianika msala wake wa kuswalia.

"Imekuwaje?"

"Nimeshindwa. Huyu sasa ni wangu."

"Shikamoo," alisema mbwa.

"Marahaba," alijibu Warda, akauhamishia msala upande wa pili wa ua.