Sufuria ya Lubaba

Kule Desie, Ethiopia, Mkristo akimwoza binti yake huchinja mara mbili. Kondoo wa Wakristo wenzake huchinjwa na Mkristo, na wa majirani Waislamu huchinjwa na Mwislamu, akapikwa na Mwislamu kwenye jiko lake peke yake. Mwaka ule watu wa miji mingine walikuwa wamechomeana makanisa na misikiti, kwa hiyo majiko yalitenganishwa kwa uangalifu zaidi.

Asnakech, Mkristo, alimkabidhi jirani yake Mwislamu, Lubaba, jiko la Waislamu, kama kawaida yao. Kilichomchoma moyo kilikuja asubuhi ya harusi, Wubalem, bintiye wa pekee, akisukwa nywele.

"Nitaanza kubusu magoti ya Mama Lubaba," alisema bibi harusi, maana kwa desturi yao bibi harusi huwaaga wazazi kwa kubusu magoti yao. "Yeye ndiye aliyeninyonyesha."

"Na mimi je? Nilikuokota sokoni?"

"Mama nawe! Si ulikuwa hospitali mwaka mzima? Wewe utafuata."

Afuate! Harusi ya mtoto aliyemzaa mwenyewe! Miaka ishirini na miwili Asnakech alikuwa akimeza wivu huo: mtoto akianguka, hulilia ng'ambo ya ua, akifaulu mtihani, hukimbilia huko huko. Leo ulimshinda. Alichota upawa mzima wa mchuzi wa nyama wa Wakristo, akavuka ua Lubaba alipoondoka jikoni kidogo, akaumimina ndani ya sufuria ya Lubaba na kukoroga. Alitaka tu mwenzake aumbuke mbele ya watu wake kwa kuwapakulia nyama isiyo halali.

Wageni walipoketi ndipo akili ilipomrudia. Walikuwapo vijana wawili wa msikitini waliokuwa wakihimiza watu wasile kwa makafiri; Lubaba ndiye aliyewabembeleza hadi wakaja. Na upande wa pili wa turubai walikaa vijana wa kanisani waliovuta midomo kwa chuki vilevile. Maji ya kunawa yalikuwa yameanza kupitishwa.

Asnakech alimvuta Lubaba nyuma ya mlango. "Usipakue. Nimetia nyama ya kwetu."

"Umekosea sufuria?"

"Hapana."

Lubaba alimkazia macho. "Usiniambie ni yale magoti."

Asnakech aliinamisha kichwa.

"Wewe mwanamke una wazimu? Unataka tuchomwe sote? Na mbona nilishamwambia mtoto aanze na wewe!"

Hakungoja jibu. Aliibeba sufuria, akaimwaga yote shimoni nyuma ya nyumba, kisha akatokea mbele ya wageni akijipiga paji la uso. "Jamani, nimeunguza! Leo mtakula injera kwa dengu."

"Macho yamezeeka, shangazi!" alidakia mmoja wa vijana wa msikitini. Turubai zima likacheka, na ile mikate laini ya injera ikaliwa kwa dengu.

Asnakech alishukuru, tena kwa moyo wote. Lakini Wubalem alitoka mbio na nguo zake za harusi, akamkumbatia Lubaba na kumfariji kwa mapishi yaliyoharibika. Wivu ukampanda Asnakech upya, na lililomuuma zaidi ni kwamba mtoto hakukosea kumkimbilia Lubaba.