Rangi ya Jiko la Bibi Sindano

Waliomwita Mama Taratibu hawakumwonea. Hata chai aliikoroga polepole, kana kwamba kuna mtu amelala ndani ya kikombe. Mumewe ndiye aliyelianzisha jina hilo kwa utani, na alipofariki jina likabaki, pamoja na chumba cha chini alimokuwa akiishi mjane huyo na kijumba cha kupangisha kule ghorofa ya tatu, ambacho marehemu alikinunua kwa kushirikiana na mdogo wake.

Kijumba chenyewe kilikuwa chumba kimoja, sebule na jiko. Jiko lilikuwa jembamba, ukitaka kufungua kabati lazima urudi nyuma kwanza, kama unayempisha mgeni. Dirisha lake dogo lilitazamana na ukuta wa jengo la jirani, kwa hiyo mwanga uliingia kwa kubembelezwa. Makabati yalikuwa ya rangi ya kahawa iliyoungua, na sakafu ilikuwa ya vigae vyeusi. Mama Taratibu mwenyewe ndiye aliyezichagua rangi hizo miaka mingi nyuma, kwa hoja ya wenye nyumba wote: wapangaji ni wachafu, na rangi nzito inaficha.

Sasa kijumba kilikuwa kitupu. Wapangaji wawili waliingia na kutoka ndani ya miezi mitatu.

Wa kwanza walikuwa mke na mume, maharusi wabichi. Mke ndiye aliyeshuka kurudisha ufunguo. "Mama, nikiweka kisu kwenye kaunta, nikigeuka nakikuta dirishani. Bakuli la chumvi, dirishani. Kikombe, dirishani. Mume wangu anasema nasahau. Mimi sisahau."

Wa pili alikuwa dereva wa lori, mtu wa mabega mapana. Yeye hata kukaa alikataa. "Nazima taa ya jikoni, nafunga mlango, naenda zangu. Nikirudi naikuta inawaka. Kila siku, mama. Mimi nimelala porini peke yangu na sikuwahi kuogopa. Lakini hapo juu kwako, hapana."

Shemeji mtu aliposikia, alipiga simu. "Shemeji, nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Mtu asipoingia, tunauza, kila mmoja achukue chake. Wewe utakwenda kukaa kwa mwanao, ule kwa raha."

Raha hiyo Mama Taratibu aliijua. Kwa mwanawe angelala chumba kimoja na wajukuu wanne, na angemwomba mkwewe ruhusa hata ya kuchemsha maji. Kodi ya kijumba ndiyo iliyomlisha pale chini, ikamwacha afunge mlango wake mwenyewe, apige magoti yake mwenyewe, azungumze na Mungu wake bila mtu kupandisha sauti ya televisheni. Akapiga moyo konde. Akaenda kumtafuta fundi rangi.

Fundi huyo aliitwa Kofia, maana hakuna aliyewahi kuuona utosi wake. Alikuwa na utaratibu asiouvunja kwa mtu yeyote. Hakupaka jiko la mtu kabla mwenye jiko hajaziangalia rangi mara tatu katika siku moja: asubuhi, mchana na alasiri.

"Rangi ni mwongo, mama," alisema huku akipiga msasa mlango wa kabati lililo chini ya sinki. "Asubuhi inakuchekea, jioni inakununia. Mimi nakupakia vipande, wewe unapanda na kushuka kuvitazama. Ukishachagua, usije ukanilaumu."

"Magoti yangu haya, baba, na ngazi zote hizo?"

"Ndiyo utachagua kwa akili."

Akapaka juu ya mlango ule vipande vitatu vya ukubwa wa kiganja: kahawa, kijivu kizito, na kijani cha majani makavu. Zote zilikuwa rangi nzito, kama mama alivyoagiza. Chini, kando ya ukuta, akapanga vigae vitatu vya kuonyesha. Viwili vilikuwa vyeusi, na cha tatu cheupe-cheupe, ambacho muuza duka alimpa bure kwa sababu kimemeguka pembe.

Mama Taratibu akatazama. Asubuhi ile kahawa ilimpendeza. Wakafunga mlango pamoja, ufunguo akautia yeye kwenye pindo la kitenge chake, na fundi akaenda kwenye kazi nyingine mtaa wa pili.

Mchana akapanda tena, akipumzika kila ghorofa. Alipofungua mlango, taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Akaizima. Akainama kuangalia vipande.

Vilikuwa vinne.

Kipande cha nne kilikuwa pembeni, upande wa dirishani, cha rangi ya ganda la yai. Hakikuwa na kingo zilizonyooka kama vya fundi. Kilikuwa kimepakwa kwa kupapasa. Akakigusa. Vile vya fundi vilikuwa vimeshakauka kwa joto la mchana, lakini hiki kilimwachia weupe kwenye ncha ya kidole.

Akampigia fundi simu pale pale. "Kofia, hiki cha nne umekipaka saa ngapi?"

"Cha nne kipi? Uliniambia tatu, nikapaka tatu."

"Hiki cheupe."

"Mama, sina kopo la rangi nyeupe tangu mwezi uliopita. Na ufunguo si unao wewe?"

Akaugusa ufunguo pindoni. Ulikuwepo. Akashuka ngazi bila kupumzika hata ghorofa moja, na siku ile magoti hayakumuuma.

Alikaa kitandani akikitazama kidole chake. Aliijua rangi ile. Aliwahi kuombwa rangi ile.

Kabla ya maharusi na dereva, kijumba kile kilikaliwa miaka kumi na tisa na mshonaji mmoja mzee, mwanamke asiye na mtoto wala ndugu wa karibu, ambaye jengo zima lilimwita Bibi Sindano. Alishona sare za shule, mapazia, hata sanda. Mishono yake ilikuwa midogo na iliyonyooka, watu waliigeuza nguo ndani nje kwa kuistaajabia. Kisha macho yakaanza kufifia. Mishono ikapinda, wateja wakahama mmoja mmoja.

"Mwanangu," alimwambia Mama Taratibu, "nibadilishie rangi ya jiko. Nipakie ganda la yai, na chini uniwekee kitu cheupe. Humu nikiweka kikombe cheusi juu ya weusi, nakitafuta kwa vidole. Kila kitu nakipeleka dirishani ndipo nikione. Taa nawasha mchana kutwa na bado haitoshi."

"Mwezi ujao, bibi."

Mwezi ujao ulikwenda miaka miwili. Si kwamba Mama Taratibu alikuwa mkono wa birika. Alimpelekea uji, alimwombea, alimsomea barua zake. Ila rangi nyeupe kwenye nyumba ya kupangisha aliiona wazimu. Basi siku moja maji yakamwagika jikoni, maji juu ya vigae vyeusi, na Bibi Sindano hakuyaona. Aliteleza, akavunjika nyonga.

Hospitali alikaa wiki tatu. Siku ya mwisho alimshika mkono Mama Taratibu, akamuuliza, "Umeshachagua rangi?"

Na Mama Taratibu, mtu wa sala tano, kumi, mtu ambaye watu walimkabidhi siri zao, akajibu, "Nimeshachagua, bibi. Ganda la yai. Fundi anaanza kesho."

Mzee akatabasamu. "Haya. Nikirudi nitaona."

Hakurudi. Au ndivyo Mama Taratibu alivyodhani hadi mchana ule.

Alasiri fundi alimkuta kwenye ngazi za chini, amekaa, ameushika ufunguo kama anayeshika kaa la moto.

"Vipi mama, tumeamua?"

"Twende wote."

Taa ilikuwa inawaka tena. Kofia alifungua mdomo kutania kuhusu umeme unaoteketea, ndipo akaona chini. Vigae viwili vyeusi vilikuwa vimegeuzwa nyuso kutazama ukuta, kama watoto waliotiwa adabu. Kile cheupe kilichomeguka pembe kilikuwa peke yake mbele ya sinki, mahali pale pale mtu anaposimama kuosha vyombo. Na juu ya mlango wa kabati rangi ya ganda la yai ilikuwa imeongezeka. Ilikuwa imekwenda upande, mkanda mrefu wa usawa wa kiuno, ukiufuata ukingo wa kaunta kutoka sinki mpaka dirishani. Ndani ya mkanda ule vidole vilionekana. Vidole vinne, tena vinne, tena vinne, kama vya mtu anayekwenda akijishika.

Fundi akavua kofia. Alikuwa na kipara, kumbe, kinachong'aa.

"Mama," alinong'ona, "mimi nina watoto."

"Usiondoke." Mama Taratibu aliingia hatua mbili. Jiko lilikuwa baridi, wakati sebuleni jasho lilikuwa likiwatoka. Akasimama juu ya kile kigae cheupe kwa sababu hapakuwa na pengine pa kusimama. Alikuwa amekuja na dua za kufukuza, dua alizozijua tangu utotoni, na hakuitoa hata moja. Aliona ingekuwa aibu kumtumia Mungu kumfukuza mtu anayedai haki yake.

"Nilikudanganya, bibi," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na jirani dirishani. "Siku ile sikuwa nimechagua. Sikuwa hata nimewaza. Nisamehe. Leo nimechagua, na huyu fundi ni shahidi wangu."

Hapakutokea kitu. Bomba la sinki lilidondosha tone moja, likanyamaza.

Akamgeukia Kofia. "Makabati yote ganda la yai. Chini vigae vyeupe."

Ubishi wa ufundi ukamrudia fundi hata katika hofu ile. "Nyeupe kwa wapangaji? Wiki moja tu itakuwa rangi ya matope!"

"Wataosha."

Shemeji naye alipoletewa habari alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Shemeji, hiyo ni nyumba au zahanati? Mwisho wa mwezi ni siku tisa. Mimi mnunuzi ninaye, nakwambia kabisa."

"Siku tisa zinanitosha," alisema, ingawa hakujua kama zinatosha.

Kofia alikubali kwa sharti moja, kwamba Mama Taratibu akae sebuleni muda wote wa kazi. Akakaa, siku saba, kwenye kiti cha plastiki, akifuma na kusali. Vitu havikuhama. Taa haikujiwasha. Siku ya mwisho, mkono wa mwisho wa rangi ulipokauka, fundi alimwita aone jambo moja. Milango yote ilikuwa imekauka laini kama yai lenyewe, ila ule wa chini ya sinki ulikuwa na alama hafifu, kiganja kimoja kilichofunguka.

"Niifute?"

"Iache," alisema Mama Taratibu. "Anakagua."

Siku moja kabla ya mwisho wa mwezi, muuguzi wa hospitali ya jirani alikuja kuangalia. Alikuwa msichana mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisimama jikoni mchana ule, na mwanga mdogo wa dirishani ukapiga makabati, ukapiga sakafu, ukamrudia usoni.

"Jamani," alisema. "Humu mtu anaweza hata kushona."

Mama Taratibu aliushika ukuta. Hakuwa amemwambia lolote.

Muuguzi akahamia. Shemeji akala jeuri yake na mnunuzi wake. Muuguzi, kwa kuwa aliishi peke yake, aliomba abadilishe kitasa, na Mama Taratibu akaridhia bila kudai ufunguo wa akiba. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, na yule mama akaanza kulala vizuri.

Mwezi wa tatu muuguzi akamwalika juu kunywa chai. Walikaa sebuleni, mlango wa jiko uko wazi. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, muuguzi aliisahau alipokuwa akichemsha maji.

"Kwanza nikushukuru, mama," alisema, akaleta sare yake nyeupe ya kazini. "Pindo lilikatika juzi. Niliitundika hapo mlangoni mwa jiko nikaenda zamu. Nimerudi nimekuta umeshalishona. Tena mishono hii! Hata mashine haishoni hivi."

Mama Taratibu aliipokea sare, akaligeuza pindo ndani nje. Mishono ilikuwa midogo na iliyonyooka, ya mtu anayeona vizuri. Aliona njia mbili mbele yake, wazi kama mchana. Angesema "usijali, mwanangu," na msichana angeendelea kukaa, kodi ingeendelea kuja. Neno moja tu dogo, kama lile la hospitali.

Akaiweka sare mapajani. "Si mimi," alisema. "Mimi sina ufunguo wako."

Muuguzi akaacha kutabasamu. "Basi nani?"

"Aliyekuwa anakaa hapa kabla yako. Alikuwa mshonaji. Alifariki, na kosa lilikuwa langu. Ukitaka kuhama nitakuelewa, na sitakuomba ubaki."

Msichana alikiweka kikombe chake chini. Mikono yake ilikuwa imewashika wengi wanapokata roho, na pengine ndiyo maana hakukimbia.

"Ana ubaya na mtu?"

"Alikuwa na ugomvi na giza tu."

Ndipo swichi ya jikoni ikasikika: tak. Taa ikazima. Haikuhitajika. Jiko lilibaki jeupe, tulivu, mwanga wa dirishani ukiwa umetanda kutoka kaunta mpaka sakafuni.

Hakuna aliyeinuka. Chai ikapoa. Mwishowe muuguzi alisimama, akaingia chumbani, akatoka na blauzi ya bluu. Akaenda hatua fupi fupi mpaka mlangoni mwa jiko, bila kuvuka, akaitundika kwenye msumari.

"Kifungo cha pili," alisema kwa adabu, kama anayeongea na mkubwa wake kazini. "Sina haraka nayo, bibi."