Usisimame Mtumbwini

Nilisomea wanyama miaka minne chuoni Njoro, nikaja Sydney nikafunga maboksi miaka mitatu ghalani Wetherill Park. Kwa hiyo mwaka 2016, nilipoliona lile tangazo la kazi, nilipiga kelele hadi jirani yangu wa Guildford, Venant, akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nyumba inaungua. Nafasi ilikuwa moja tu: kutega panya wa majini kwenye bwawa moja magharibi ya jiji, kuwapima, kisha kuwaachia. Mwombaji aje na mtumbwi wake mdogo.

"Mtumbwi?" Venant akacheka. "Dada Shirleen, wewe mtu wa Kericho, maji umeyaona kwenye chai."

Yeye ni Mrundi wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Kabla ya kambi ya wakimbizi, na kabla ya hii kazi yake ya jikoni kwenye nyumba ya wazee, alikuwa mvuvi. Jumamosi tukaenda Rooty Hill kwa mtu aliyeuza mitumbwi ya mitumba uani kwake. Mimi moyo wangu ukauangukia mmoja mrefu, mwekundu, unang'aa. Venant hata hakuutazama. Aliinua mmoja mmoja hadi begani, akaushusha, akaweka magoti ndani, akaegemea ukingo. Saa nzima ikapita.

"Mchagua jembe si mkulima, kaka," nikamchokoza.

"Jembe halizamishi mtu," akajibu.

Tukaondoka na mfupi, mpana chini, rangi ya matope, umechubuka kama sufuria ya kanisani. Mrefu ni wa safari, akanieleza. Wa kutegea uweze kugeuka katikati ya matete, utulie unapoinama kuvuta mtego, na uweze kuubeba peke yako.

Wiki mbili alinifundisha mtoni, na niliipenda kila dakika. Piga magoti. Mzigo katikati.

"Na usisimame. Mtumbwini hakuna heshima. Hata mama mkwe akipita, msalimie ukiwa magotini. Usisimame, dada."

"Nimesikia! Kwani mimi mtoto?" Sipendi kuambiwa jambo mara kumi.

Mwenye kazi, mzee Rufus, tulikuwa tumezungumza naye kwa simu tu. Mitego sita ya waya ilikuwa kwenye kibanda kando ya bwawa. Niitege Ijumaa jioni, naye angekuja Jumamosi asubuhi kuona nimefanyaje kabla ya kunipa kazi. Nikaitega ukingoni, nusu majini, nusu nje, ili mnyama atakayenaswa apate hewa. Sikulala kwa furaha na kwa hofu. Nikiikosa hii, narudi kwenye maboksi.

Asubuhi mtumbwi wangu mbaya uliteleza kwenye matete kana kwamba ulizaliwa humo. Mtego wa kwanza, mtupu. Wa pili, mtupu. Wa tatu, wa nne, wa tano. Venant alikuwa ameketi ukingoni, kofia mkononi.

Wa sita ukatikisika. Nikauvuta taratibu hadi mapajani. Alikuwemo! Tumbo la dhahabu, ncha ya mkia nyeupe, sharubu zimesimama kwa hasira. Nilitaka kuimba.

"Good morning, Shirleen!"

Sauti nzito, ya mwalimu mkuu kabisa. Mzee mwenye mvi alikuwa amesimama kando ya Venant.

Miaka kumi na sita ya shule za Kenya, ya kusimama kumwamkia mwalimu, ikaniinua.

"Good morning, sir!" nikaitikia, wima, mtego mikononi.

Mtumbwi ukatoka chini ya miguu yangu. Nikamsikia Venant akiita "Dada!" na nikawaza jambo moja tu: huyu mnyama amefungiwa, akizama hana pa kutokea. Nikanyoosha mikono juu. Maji yakanifika mdomoni, miguu ikagusa matope, mtego ukabaki juu ya kichwa changu. Panya akanikojolea. Nikajua kazi imekwenda, nikaanza kulia.

Mzee Rufus akaingia majini na viatu vyake. Hakunitazama mimi, alichungulia ndani ya mtego, akaupapasa kwa chini.

"He's dry," akasema polepole.

"Yes, sir."

"Ungeweza kuuachia mtego ujishikilie mtumbwi."

"Angekufa, sir."

Akaupokea mtego kwa mikono miwili. "Monday, six o'clock. Na Jumatatu, Shirleen, mimi nitakusalimia, wewe ukae."

Ukingoni, Venant alikuwa amesimama wima, kofia kifuani.