Neno Wanalopewa Wanaolia

Wateja wapya hupenda kuniuliza nilisomea wapi. Vyeti nimevitundika ukutani, tena vikubwa, lakini mtu aliyekuja na moyo uliochoka hasomi ukuta. Basi huwaambia ukweli: kazi hii ya kutibu nafsi za watu niliianzia barazani kwa shangazi yangu, na cheo changu kilikuwa kushika chanuo.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa msusi. Mteja alikaa kwenye kigoda, mgongo kwake na uso barabarani, na shangazi hakuona ila utosi. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya baraza lile. Mwanamke aliyefika amenuna, mstari wa tatu tu wa nywele ungemkuta anaeleza habari za mumewe, za mama mkwe, za mtoto aliyemzika. Shangazi alijibu kwa "ehee" na "ikawaje?", basi. Ofisini kwangu leo viti havikabiliani; vyote viwili vinatazama dirisha. Wenzangu wa kazi huona ni ushamba. Waache waone.

Nyumbani kwetu mambo yalikuwa mengine. Baba alikuwa fundi redio na meza yake ilikuwa sebuleni, kwa hiyo nyumba ilijaa harufu ya risasi ya kuungia nyaya iliyoyeyuka na sauti za watu tusiowajua wakisoma habari. Yeye mwenyewe alikuwa bubu wa kujitakia. Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Siku ya maziko kila aliyenikumbatia aliniambia, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza." Walisema kwa upendo, sina kinyongo nao. Ila nilikuwa mtoto mtiifu kupita kiasi, nikanyamaza kweli. Baba naye akanyamaza. Picha ya mama ikaondolewa ukutani, na jina lake halikutajwa tena. Nilipothubutu kumuuliza mama alikuwaje, baba alisema, "Usinitoneshe kidonda," kisha akaongeza sauti ya redio.

Hapo ndipo shangazi alipoanza kunisuka kila Jumamosi, hata nywele zikiwa bado nzuri. Hakuniuliza kitu. Siku moja machozi yalinitoka, nikajiwahi mwenyewe: "Nimenyamaza, shangazi."

"Nani kakwambia unyamaze?" akasema. "Lia tu. Mimi nasuka."

Nililia mpaka kichwa kikaisha kusukwa. Alinisuka vibaya siku hiyo, mistari imepinda kama njia ya mbuzi, na shuleni walinicheka. Nilizipenda nywele zile kuliko zote nilizowahi kusukwa.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu wetu aliigiza mjane anayelia, akatutaka tumfariji. Darasa zima, bila kukubaliana, tulisema: "Nyamaza, mama." Mwalimu akafuta machozi yake ya bandia. "Yaani mtu kafunga safari kuja kuwaeleza yake, na neno la kwanza mnalompa ni afunge mdomo?" Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali, sebuleni kwetu, namwona baba ameinama juu ya redio za watu. Siku hiyo nilijua nitafanya kazi gani maisha yangu yote, na nilijua pia nani nisingeweza kumsaidia.

Shangazi akatutoka. Mwaka jana baba akaanza kusahau. Kwanza funguo, kisha majina ya majirani, kisha nikamkuta mbele ya redio aliyoifungua mwenyewe, hajui kipi kinarudi wapi. Daktari alinieleza kwa upole kwamba hali haitarudi nyuma. Nilichosikia ni kimoja tu: mama yumo kichwani mwa baba, na hana pengine alipo. Baba akimsahau, nitakuwa nimefiwa mara ya pili, na nisimjue hata huyo niliyefiwa naye.

Lakini kinyozi hajinyoi. Kazi yetu hairuhusu umtibu mzazi wako, kwa hiyo nikamwomba mwenzangu amwone. Baba akang'aka. "Mimi si kichaa! Na hiyo kazi yenu ya kulipwa kusikiliza umbea, wafanyieni wengine."

Jumanne moja, tukitoka hospitali, tulipitia ofisini nichukue koti langu. Niliporudi kutoka chumba cha pili, baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, anatazama nje. Nikaketi kile kingine. Haki ya Mungu sikuwa kazini; miguu ilikuwa inaniuma.

"Mama yako alikuwa muongo," akasema.

Nikaendelea kutazama dirisha. "Ehee?"

"Muongo hasa! Alinidanganya anajua kushona. Mwaka mzima nimevaa suruali yenye mguu mmoja mfupi, na bado namsifu." Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha kicheko kikamkauka. "Halafu akanidanganya haumwi. 'Uchovu tu, mume wangu.' Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Mimi ninayeijua redio mbovu kwa mlio wake, mke wangu sikumsikia."

Alilia kimya kimya, nami nilimwacha alie. Alipotulia aliendelea mwenyewe: mama alivyolala na soksi hata wakati wa joto, alivyoimba akikosea maneno na kumbishia anayemsahihisha, alivyogombana na babu juu ya jina langu mpaka babu akasalimu amri. Nilikuwa nimemngoja mwanamke huyo tangu utotoni. Sikutaka hata kukohoa.

"Nilidhani nikimtaja nitakuvunja," baba akasema. Akaupapasa mkono wangu, akaushika. "Na wewe, mwanangu? Siku ile tulipomzika, wewe ulikuwaje?"

Swali hilo nimewauliza watu wengi hata siwezi kuwakumbuka. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilifungua mdomo, ikatoka sauti ya mtoto wa darasa la nne.

"Niliogopa, baba. Nilidhani na wewe utaondoka."

Alifikiri kwa muda, paji la uso limekunjana, kama anayetafuta neno ambalo jana alikuwa nalo.

"Bado nipo," akasema. "Niambie upesi."