Bega la Kushoto

Gauni lilikuwa chini kabisa ya begi la kazi, chini ya kofia ya kuchomelea na glovu ngumu za ngozi, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Mke wa mchomeleaji alikuwa anatafuta bisibisi tu, akaze mpini wa sufuria. Akalivuta kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya mtegoni. Kijani iliyokolea, kitambaa cha kuteleza, zipu ndefu ya mgongoni.

Hakulia. Kilio kilikuwa kimemtoka zamani, kidogo kidogo, tangu mumewe alipoanza kujifungia stoo kila akiwahi kurudi kazini, kisha anatoka humo mpole kupita kiasi, uso umekunjuka, anauliza kama kuna vyombo vya kuosha. Mwanaume wa kuchomelea mageti kutwa nzima, halafu aoshe vyombo bure? Anasafisha nini huyu? Swali hilo alikuwa amelala nalo na kuamka nalo.

Akakaa kitandani, akaligeuza gauni ndani nje, kama anavyokagua magunia ya unga pale kiwanda cha mikate. Nyuma ya shingo, kwa ndani, kulikuwa na msalaba mdogo wa uzi mwekundu.

Alama ile aliijua vizuri. Rafiki yake fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake, aliiweka kwenye kila nguo aliyoshona, ili mteja anayevaa gizani asije akavaa mbele nyuma. Hakuna fundi mwingine aliyefanya hivyo.

"Kumbe ni wewe," alisema peke yake chumbani. "Unakunywa chai yangu, unanichekea."

Akampigia wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. "Wifi, njoo jioni. Kuna kitu nataka ukione kwa macho yako." Wifi yule hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili. Akishaona yeye, ukoo mzima umeona, na neno likifika huko halirudi. Mke alilijua hilo, ndiyo maana akamwita. Kisha akalisukumia gauni kwenye mkoba, akatoka.

Sindano alikuwa dirishani, mguu kwenye pedali, pini tatu mdomoni. Alipomwona akazitema mkononi.

"Karibu, shosti! Leo umetoka zamu mapema?"

"Nimekuja kukusalimia, mke mwenzangu."

Sindano alianza kucheka. Alipouangalia vizuri uso wa mwenzake, kicheko kikafia njiani. Gauni likatupwa juu ya cherehani, msalaba mwekundu juu.

"Hiyo ni kazi ya mkono wa nani?"

"Yangu."

"Imefikaje kwenye begi la mume wangu?"

Sindano akachukua mkasi, akaurudisha palepale. "Hilo siwezi kulijibu mimi."

"Huwezi! Na kumvulia nguo uliweza?"

"Shosti, chunga mdomo, wateja wanapita hapo nje."

"Wapite! Vaa hilo gauni. Livae nilione linavyokukaa, nijue moja."

Sindano akamwangalia kidogo, kama anayepima kitambaa kwa jicho. Akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Alipotoka, alionekana kama fimbo iliyofunikwa shuka. Gauni lilimwagika mabegani, kifua kikaning'inia kitupu, pindo likaburuta sakafuni. Mke alikuwa amejiandaa kwa matusi, lakini akalishika pindo, akalipima kwa macho.

"Si lako," alisema.

"Si langu."

"Basi la jitu gani hili?" Akamzunguka, akavuta kitambaa hapa na pale. Mwanamke gani mwenye mabega haya? Halafu mkono wake ukasimama. Bega la kushoto la gauni lilikuwa limekatwa chini kuliko la kulia. Si kwa bahati mbaya, mshono ulikuwa umenyooka, umerudiwa mara mbili. Bega lile alilijua. Lilishuka hivyo kwa miaka ya kubebea vyuma upande mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa akilikanda kwa maji moto. Ndilo alilolilalia.

Akavuta kigoda, akakaa.

"Ni lake yeye," alisema polepole.

Sindano akarudi nyuma ya pazia, akavua gauni, akalitundika.

"Ulimpima kiuno mume wangu."

"Kwa tepu, jamani. Kama ninavyompima kila mtu."

"Kwa hiyo nimeolewa na mwanamke?" Sauti ilimpasuka. "Leo gauni, kesho aniambie nimwite dada? Na wanangu wamwite nani?"

"Hayo ni mambo mawili, nawe unayasokota uzi mmoja. Unamkumbuka mdogo wangu?"

"Yule kaka yako aliyekuwa golikipa?"

"Huyohuyo. Ni dada yangu. Alituambia mwenyewe, baada ya kukaa nalo moyoni tangu utoto. Siku tuliyomzika baba alivaa suti na tai, na viatu vya kiume vinavyong'aa. Je, siku ile alikuwa mwanaume? Alikuwa mwanamke ndani ya tai, anabanwa roho. Hao ndio wanaoitwa transjenda. Yaani walimwandika mvulana alipozaliwa, naye ndani anajijua ni mwanamke, asubuhi na jioni, avae asivae."

"Siku hizi anavaa magauni?"

"Wapi! Ni fundi magari. Ovaroli kutwa, grisi mpaka masikioni. Nimemshonea gauni moja, anasema linamwasha."

Mke alitaka kucheka, akajizuia kwa hasira. "Sasa bila gauni, mwanamke wa wapi huyo?"

"Wewe kiwandani unavaa suruali na shati kuukuu la mumeo. Umeota ndevu?"

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni.

"Na wengine," Sindano akaendelea, sauti chini, "nguo ni nguo tu. Nina wateja wawili watatu wa hivyo, sikutajii mtu. Mmoja anavaa, anageuka mbele ya kioo hicho, anacheka peke yake, anavua. Anavaa suruali yake, anaondoka anapiga mluzi. Ukimwita dada anakasirika. Ni mwanaume anayependa kuvaa nguo za kike, basi, kama mwingine anavyopenda kofia."

"Kofia! Kofia haifichwi chini ya glovu."

"Haifichwi kwa sababu hakuna anayemwitia mwenye kofia dada zake."

Mke akashtuka. "Nani kakwambia nimemwita wifi?"

"Hakuna. Nakujua tu. Umemwita, eeh?"

Mke akalishusha gauni, akaanza kulikunja. "Wangu ni yupi kati ya hao? Wewe umeongea naye, unajua."

"Ninachojua alinipa nikitunze. Tena gauni halikwambii kitu, ndiyo nakueleza hivyo tangu mwanzo. Anayejua ni yeye. Muulize, halafu unyamaze usikie."

Alipofika nyumbani alilitundika gauni mlangoni mwa stoo. Mumewe aliingia na harufu ya chuma kilichoungua, akaliona, akasimama kama aliyeguswa na umeme. Bega la kushoto likashuka zaidi.

"Usinidanganye," mke alisema. "Wewe ni mwanamke?"

"Hapana." Akalamba midomo. "Mimi ni mwanaume, ni mumeo. Nikilivaa hilo... kuna siku nimesimama kutwa nzima, nikifika navua viatu. Ile nafuu ya miguu ndiyo ninayoisikia. Baadaye nalivua, basi."

"Na mwanamke mwingine?"

"Yupo wapi? Sina."

"Na siku ukijiona kwamba kumbe siyo gauni tu?"

Alifikiri, hakukimbilia kujibu, na mke akaligundua hilo. "Sioni hivyo. Lakini ikitokea, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kujua."

Mke alimtazama kama anavyoutazama mkate uliokauka juu, na ndani huenda bado mbichi. Alitaka kuuliza tena, ambane mpaka mwisho. Lakini mlangoni sauti ikaita, "Hodi wenyewe!"

Mumewe akageuka rangi. "Dada? Umemwita dada?"

Mke akalichomoa gauni kwenye msumari, akalibandika kifuani kwake palepale wifi alipoingia, macho yametangulia mwili.

"Haya, kiko wapi hicho cha kukiona kwa macho yangu?"

"Hiki hapa, wifi. Gauni langu jipya. Tazama Sindano alivyonikosea vipimo, kama kamshonea jitu."

Wifi akakaribia. Akashika kitambaa, akapitisha kidole kwenye mabega, la kulia, kisha la kushoto. Hapo kidole kikakaa. Jicho lake likahama taratibu mpaka kwa kaka yake, aliyekuwa amekwisha kufika kwenye beseni la vyombo, mgongo kwao.

"Mh," alisema wifi. "Bega hili mbona limeshuka?"

"Ndiyo maana nimekuita," mke akajibu, akilikunja gauni bega la kushoto kwa ndani. "Uniambie nirekebishe au niache hivihivi."

"Wewe unaonaje?"

Maji kwenye beseni yaliacha kusikika.

"Nitaliacha kwanza," alisema, akaliweka kabatini kwake, chini ya kanga zake, akafunga mlango. "Kaa basi, wifi. Nikuwekee chai."