Jiwe Tumboni mwa Igiraneza

Drocella wa Kirolirwe ni mkaidi, na mimi namshukuru Mungu kwa ukaidi wake. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya, ingawa huku wote huniita Docta, miaka kumi na tisa kazini, na Jumanne ile nilijiona najua kila kitu.

Alimleta mdogo wake, Igiraneza, kuchomwa sindano ya kila mwezi. Kijana huyo anatumia dawa za ugonjwa wa akili mwaka wa nne sasa, na zimemtuliza: analima, anakamua, anaimba kanisani.

"Docta, niko na jiwe mu tumbo," Igiraneza alisema. "Tangu siku ya Mungu, tukitoka kanisa, sijakula."

Jiwe! Zamani alisikia watu wakizungumza ukutani, sasa ana jiwe. Nikaandika kwenye fishi, kadi yake ya matibabu, kwamba ugonjwa umerudi, nikavuta dawa sindanoni, dozi kubwa kuliko kawaida.

Drocella akasimama kati yetu. "Hapana, Docta."

"Mama Drocella, niache nifanye kazi."

"Kazi gani? Ng'ombe yangu haisemake, lakini ikigonjwa, veterineri anaingiza mukono mupaka ku bega. Huyu anasema, na haujamugusa hata na kidole!"

Akina mama waliokuwa wamekuja na watoto wa chanjo wakacheka. Nilifura kwa hasira. Nikamwambia akae, hakukaa.

"Mugusa kwanza. Kama ni kichwa, umudunge hata sindano mbili."

Basi nikamgusa, ili aniache tu. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, na Igiraneza alipiga yowe. Niliposikiliza kwa kipimo cha masikioni, matumbo yalikuwa kimya kabisa. Dawa zile zile zinazotuliza akili zaweza kulegeza utumbo mpaka usimame, nami nilikuwa nimekaribia kumdunga nyingine. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Tukapata gari la viazi linaloteremka mjini Sake, kwenye hospitali. Drocella alimpakata mdogo wake juu ya magunia njia nzima, akimwambia jina la kila kilima ili asilale. Hospitalini walimwekea mpira puani, wakamsafisha tumbo siku mbili. Daktari alisema kama tungechelewa hadi kesho yake, utumbo ungepasuka. Mwanamke yule hakulia, wala hakunilaumu hata kwa neno moja. Laiti angenitukana, ningepumua.

Ijumaa asubuhi Igiraneza alifumbua macho. "Dada, niko na njaa."

Drocella alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti mpaka wodi nzima ikageuka. Kisha akajifuta kwa kitenge, akanitazama.

"Docta, umesikia? Ao hii nayo ni kichwa?"

Nikaenda kumwuliza daktari kama uji unaruhusiwa, na alipokubali nikautafuta mwenyewe.